Pipa la Rusty

Rusty aliingia sandukuni mwenyewe, kwa miguu yake minne, bila kusukumwa wala kuvutwa. Nalisema mapema kwa sababu watu wa hapa mjini walituona wezi wa watoto. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kiangazi kizima nilimlisha ndani ya lile sanduku la chuma, tufaha kwa tufaha, mpaka akawa anasinzia humo mchana, mlango wazi. Siku ya safari aliingia akijua anakwenda kula. Mlango ukafungwa nyuma yake, kreni ikainua sanduku, na lori likashika njia ya Missouri.

Kwamba ilibidi aondoke, sina ubishi. Tembo dume akianza kupevuka hatakiwi nyumbani. Rusty alikuwa anawasumbua mama zake wadogo, anawaangusha watoto, na bibi yake Gladys alikwisha kumsukumia bwawani kwa hasira. Porini angefukuzwa akaenda zake. Kwetu kuna ukuta, kwa hiyo sisi ndio tunaomtafutia pa kwenda, na pa kwenda ndiko hakuna. Bustani za wanyama zinazozalisha tembo zote zinapata madume, na zote zinataka majike. Binti hukaa na mama yake mpaka kufa. Wa kiume tunampigia simu nchi nzima kama mtu anayegawa watoto wa paka.

Missouri walimkubali, wana kiwanja cha madume watupu chini ya mzee mmoja aitwaye Kanali. Kwanza wakatuletea mavi ya Kanali. Ndiyo, mavi. Tembo hujuana kwa pua, kwa hiyo bustani mbili zikitaka kuwakutanisha wageni hutumiana kinyesi mapema, ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko. Rusty alinusa, akarudi nyuma, akajisaidia palepale.

"Huyo keshajibu barua," akasema Duane, mtunza mwenzangu. Tulicheka sana siku ile.

Mama yake ni Clementine. Siku ya safari tulimfungia kiwanja cha mbali asione. Jioni tulipomfungulia alikwenda moja kwa moja kwenye lango la kupakilia, akapitisha mkonga kati ya nondo, akavuta harufu ya barabara. Akasimama hapo.

Tulidhani ni mambo ya siku mbili tatu. Majani ya miti yakageuka mekundu, yakaanguka, naye bado yuko langoni. Wenzake wakiitwa bandani jioni wanaingia, yeye haingii. Alikuwa na mimba changa, na majani makavu tuliyomwekea alikuwa anayaonja tu na kuyaacha. Mfupa wa mgongo ukaanza kuchomoza. Baridi ya ziwani hapa Ohio haina mchezo, na daktari wa wanyama alituambia wazi: barafu ikimkuta nje na tumbo tupu, tutampoteza yeye na kilichomo tumboni.

Nilimbembeleza kwa maboga, nikambembeleza kwa mkate. Siku moja nilimtukana, kisha nikalia huku nimeshika nondo. Hakunitazama hata kidogo.

Asubuhi moja mkuu wetu, Daktari Brandvold, akaja jikoni tunapokatia chakula cha wanyama. Ni mwanamke mrefu wa Minnesota, haoni baridi, huvaa kofia ya sufu aliyofumiwa na mama yake.

"Lorraine, nimezungumza na Missouri. Watatuletea pipa."

"Pipa la nini tena?"

"La Rusty."

Nikaweka kisu chini. "Daktari, usinitanie asubuhi asubuhi."

"Sitanii."

"Yaani umtoneshe mama wa watu kidonda? Anuse mwanawe, halafu mwana mwenyewe asimwone? Hata shetani angeona haya!"

"Haya, wewe una dawa gani? Nitajie, naifanya sasa hivi."

Nikakiokota tena kisu, nikaikata karoti kana kwamba ndiyo iliyonikosea.

"Mama Lorraine," Duane akaanza, "labda tu..."

"Wewe hujaulizwa!"

"Sijaulizwa, ila mavi yakifika mgongo utakaobeba ni huu. Kwa hiyo na mimi nina kura."

Daktari alivua kofia akakaa juu ya gunia la karoti. "Unakumbuka Ruth alipokufa?"

Nakumbuka. Ruth alikuwa dada yake Gladys. Tuliuacha mwili wake bandani mchana kutwa, wenzake wakamgusa mdomo, wakamgusa nyayo, wakamtupia majani mgongoni. Kesho yake wakala.

"Kwa Ruth walijua," akasema. "Kwa Rusty tumewaachia lango tu."

Neno hilo lilinikaa. Aliyekufa analiliwa, matanga yanaanuliwa, watu wanarudi makazini. Aliyepotea matanga yake yanaanuliwa lini? Hata hivyo nilikuwa na hasira, nikamwambia pipa hilo mkono wangu hautaligusa.

Likaja siku theluji ya kwanza inadondoka. Dereva akalishusha huku amekunja pua. "Mke wangu ameuliza nimebeba nini toka Missouri. Nimemwambia ni siri ya serikali."

Daktari alitaka tulimwage mlangoni mwa banda, ili harufu imvute Clementine aingie na mlango ufungwe. Hapo nikakataa katakata.

"Hapana. Mtoto nimemhadaa kwa tufaha. Mama simhadai. Apelekewe pale aliposimama."

"Na akizidi kung'ang'ania pale?"

"Basi tutang'ang'ania naye."

"Sawa," akasema.

Na mimi niliyeapa kutoligusa ndiye niliyelikamata upande mmoja, Duane upande wa pili. Tukazunguka nje, tukalimwaga barabarani mbele ya lango, pale mkonga wake unapofika.

Clementine alinyoosha mkonga, ukasita. Masikio yakafunguka. Akaokota bonge moja, akalipeleka kinywani, akatulia kabisa, theluji inamwangukia kichwani. Kisha akaguruma. Ngurumo ya tembo huisikii kwa masikio peke yake, inapita mbavuni. Gladys akatoka bandani mbio, na ukoo mzima nyuma yake, wanapiga parapanda, wanakojoa, wanazungushana, maji yanawatiririka mashavuni, kama wafanyavyo wanapokutana na ndugu waliyeachana naye zamani.

Halafu Clementine akaanza kutafuta. Akapitisha tena mkonga kati ya nondo, akapapasa nyuma ya kinyesi, akapapasa ndani ya pipa, akaja miguuni pangu, akanusa buti za Duane, akarudi kwenye pipa. Alikuwa anatafuta sehemu iliyobaki ya mwanawe.

"Umeona?" nikamwambia Daktari. "Umeona ulichofanya?"

Daktari alikuwa analia. Nilikuwa nimesema kweli, na sikupata raha yoyote.

Mkonga ukachoka kutafuta. Clementine akachota kile kinyesi, akakirusha mgongoni mwake kama wanavyojirushia vumbi. Akachota tena, akajirushia tena, taratibu, mpaka kikaisha. Gladys akamgusa mdomo kwa mkonga, akageuka kuelekea bandani. Clementine akalitazama lango, akamfuata.

Usiku ule alikula. Sidai kwamba najua alichokijua. Labda alipata kwamba mwanawe yu hai, anakula majani ya kwingine, na ile harufu ya Kanali iliyokuja kwa pipa kabla ya safari sasa iko karibu naye. Labda hakupata chochote zaidi ya kuaga. Mimi nilisimama dirishani namsikiliza akitafuna, na sikuwahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Mapipa yaliendelea kuja majira yote ya baridi. Kila likija aliguruma, akajirushia, akarudi kula. Mgongo ukajaa, tumbo likakua.

Theluji ilipoyeyuka likaja majibu ya damu, maana damu ya mama huonyesha aliyemo tumboni. Miezi yote hiyo nilikuwa naomba awe binti. Ijumaa za Kwaresima nilikula samaki wangu ukumbini kanisani nikiomba hilo hilo, mpaka padri akaniuliza nina mgonjwa gani.

Daktari aliingia jikoni na kofia yake mkononi. "Dume," akasema.

Duane akazima redio. Nje, Clementine alikuwa anakula juani, yeye na Gladys wananyang'anyana tawi la mti kwa mikonga.

"Hili pipa nilitupe?" akauliza Duane baadaye. "Missouri wamesema ndilo la mwisho."

"Lete hapa," nikamwambia.

Nililiosha mwenyewe kwa maji ya moto, nikaligeuza ukutani likauke. Mtoto bado hajazaliwa, na pipa lake tunalo.