Hakuna Kilichopatikana Bondeni

Asubuhi aliyorudi kazini baada ya msiba, Chapuchapu alifuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kiganja, akakaa, akafungua kihariri chake cha maandishi. Wenzake waliona kihariri kile ni cha kizamani: dirisha jeusi, herufi nyeupe, hakuna picha hata moja. Yeye hakukubali kukibadilisha. Ukiwa ndani yake, bila kufunga ulichokuwa ukiandika, ulifungua kisanduku chembamba juu, ukaandika neno, nacho kikapekua mafaili yote ya anwani za mji, majina yake na yaliyomo. Kila penye neno hilo kilikuletea mstari wenyewe, pamoja na mstari wa juu yake na wa chini yake, ili ujue limekaa wapi.

Mengi ya mafaili hayo alikuwa ameyaandika yeye, kwa kasi iliyompa jina lake. Watu wa maji waliyasoma, wazoa taka waliyasoma, na kituo cha magari ya wagonjwa kiliyasoma kabla ya kutuma gari popote.

Aliandika: bondeni.

Bondeni ndiko alikokuwa akiishi mdogo wake, nyuma ya kiwanda cha rangi. Alifariki katika uchungu wa kujifungua, mchana kweupe, yeye na mtoto, huku mumewe akipiga simu na kupiga tena kuomba gari. Zamani neno lile lilileta mistari mpaka kidole kikachoka kuteremsha. Safari hii chini ya kioo yalitokea maneno matatu tu: Hakuna kilichopatikana hapa.

Alidhani amekosea herufi. Akaandika upya, polepole. Akatafuta shule ya bondeni, bomba la bondeni, daraja la bondeni. Hakuna. Ndipo akaandika "mshona viatu", kwa sababu kibanda cha mshona viatu wa kule alikiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Mshona viatu aliingia kwa mlango wa mbele akiwa na sindano na kiatu kimoja cha kike. Mbele yake alitangulia mwenye kiatu, akichechemea kwa mguu peku, na nyuma yake alifuata muuza mkaa aliyekuwa akingoja zamu. Mstari wa juu na mstari wa chini. Wote watatu wakasimama mbele ya meza ya Chapuchapu.

"Umetuita?" mshona viatu aliuliza.

"Nimekutafuta. Karibuni mkae."

Mlinzi alikuja mbio nyuma yao, akilalamika kwamba wamepita bila kusaini kitabu cha wageni. Wakarudi, wakasaini, wakakaa kwenye benchi. Mshona viatu akaendelea kushona.

Chapuchapu akaandika mkunga. Akaandika fundi bomba. Akaandika mwalimu wa darasa la pili, akaja na chaki mkononi, mwalimu wa darasa la kwanza mbele na wa darasa la tatu nyuma. Kufikia saa sita benchi la mapokezi lilikuwa limejaa na wengine wamekaa kwenye ngazi. Mhasibu alipita katikati yao akiomba njia, akawasihi wapunguze sauti kidogo maana kuna watu wanafanya kazi.

Mkurugenzi alitoka chumbani kwake kuangalia kuna nini.

"Hawa ni akina nani?"

"Watu wa bondeni, mkurugenzi."

"Bondeni hakuna watu," alisema, kwa sauti ya mtu anayesema sukari imeisha.

"Hawa hapa mbele yako."

"Nawaona. Sijasema siwaoni. Nimesema hawamo."

Akarudi chumbani, akafunga mlango.

Kulikuwa na neno moja ambalo Chapuchapu alikuwa akilikwepa tangu asubuhi. Alikunywa maji, akaliandika: mjamzito. Kihariri husoma kilichoandikwa tu, na hakina namna ya kujua nani bado yupo na nani ametangulia. Mdogo wake akaingia, amevaa gauni la maua alilolivaa siku ile, mkono kiunoni, tumbo mbele. Juu yake alitangulia mpokea simu wa magari ya wagonjwa, vipokea sauti bado vipo masikioni. Chini yake alikuja mumewe, anasukuma mkokoteni. Mlinzi alimwambia auache nje.

Chapuchapu alisimama, akampa mdogo wake kiti chake.

"Umekula?"

"Njaa sina, dada. Ni mgongo tu."

Akavua sweta yake, akaikunja, akaiweka nyuma ya mgongo ule. Kisha akamgeukia mpokea simu.

"Shemeji yangu alikupigia."

"Alinipigia. Nilitafuta anwani, haikutokea. Utaratibu wetu, gari haliendi kusikoandikwa."

"Hakukuelekeza njia?"

"Alinielekeza vizuri sana. Nyuma ya kiwanda cha rangi, uvuke daraja." Mpokea simu aliangalia chini. "Kiwanda nakijua. Nikikaa kwenye kiti changu nakiona dirishani."

"Nikamweka kwenye mkokoteni," shemeji alisema. "Tulifika darajani."

Chapuchapu hakulia. Msibani alikuwa amelia vya kutosha, akidhani analia kwa sababu ya bahati mbaya. Aliinama kwenye kibodi akaandika: aliyefuta.

Mlango wa mkurugenzi ukafunguka. Alitoka na kikombe cha chai. Mbele yake alitembea mwenye kiwanda cha rangi, kitambaa cha mezani kimechomekwa shingoni, bado anatafuna. Nyuma yake alikuja mpima ardhi akikunja futi yake. Wakajipanga mbele ya meza kama walivyojipanga wengine.

"Ni nani kati yenu?" Chapuchapu aliuliza.

"Mimi nilihitaji ghala," alisema mwenye kiwanda. "Sheria inakataza ghala la rangi karibu na makazi. Inataka eneo tupu."

"Mimi nilipima," alisema mpima ardhi. "Nilikuta nyumba. Nikaambiwa nipime tena."

"Na mimi niliondoa neno moja," mkurugenzi alisema, akapuliza chai yake. "Tafuta, kisha futa. Kazi yenyewe ilifanywa na kompyuta. Eneo likawa tupu."

"Tupu, na watu wamo ndani?"

"Kwenye mafaili, bibie. Mimi nasimamia mafaili."

Mdogo wake Chapuchapu alikuwa akimtazama mkurugenzi muda wote huo.

"Ulijua tunaishi pale?" alimuuliza.

"Mama, mimi sikufahamu."

"Sijakuuliza kama unanifahamu."

Mkurugenzi alimwambia alete ombi kwa maandishi, litapangiwa kikao. Mwenye kiwanda aliuliza kama anahitajika zaidi, maana chakula kinapoa. Hakuna aliyemzuia. Alipofika mlangoni alisaini kitabu cha wageni, akashukuru, akaenda zake.

Alasiri yote ile Chapuchapu aliandika. Watu wa bondeni walikuja mezani mmoja mmoja, kila mtu akataja nyumba yake, inapakana na nani, mlango unaelekea wapi. Vidole vyake havikupumzika. Mdogo wake alitaja yake kwa sauti ya chini, na akataka iandikwe kwamba ina mlango wa bluu. Ikaandikwa. Chapuchapu akahifadhi, akatafuta neno bondeni, mistari ikamiminika. Wazee kwa watoto wakasogea kuitazama kwenye kioo. Jioni wakaagana, mdogo mtu akaondoka nao.

Kesho yake asubuhi alitafuta tena. Hakuna kilichopatikana.

Akawatafuta, wakaja. Akaandika upya. Jioni walikuwemo, asubuhi hawakuwemo. Alipokwenda kulalamika, mkurugenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema hamkatazi hata kidogo: mfanyakazi ana haki ya kuandika, na ofisi ina haki ya kufuta.

Basi mambo yakaenda hivyo. Mshona viatu alihamishia kazi yake kwenye kona ya mapokezi, akawashonea wafanyakazi viatu, vya mkurugenzi vikiwemo. Mwalimu alifundishia kwenye ngazi. Mdogo wake Chapuchapu alikaa kwenye kiti kile kutwa, sweta mgongoni, hakunenepa wala hakukonda, na wafanyakazi walizoea kumsalimia wakipita. Nyuma ya kiwanda, mabati ya kujengea ghala yalianza kushushwa kutoka kwenye magari.

Siku moja baada ya chakula cha mchana simu ya mezani ililia. Alikuwa yule mpokea simu.

"Kuna mwanamke ameshikwa na uchungu bondeni," alisema. "Faili langu halina anwani. Lako je?"

"Tuma gari. Nyuma ya kiwanda, uvuke daraja."

"Njia naijua. Nahitaji mstari."

Chapuchapu alibana simu kwa bega, akaandika mstari, akahifadhi. "Umeupata?"

"Nimeupata. Subiri." Kibodi ikasikika ikigongwa. "Umeondoka."

Akaandika tena. Ukaondoka tena, ukifutwa kule chumbani kwa mkurugenzi, ambako kijiko kilikuwa kikikoroga chai. Aliandika mpaka macho yakaingia ukungu wa hasira, na mpokea simu akawa anarudia tu, nimeupata, umeondoka, kama anayesoma mapigo ya moyo.

Mdogo wake alijiinua kwenye kiti, akishika meza.

"Dada, acha. Twendeni tukamchukue wenyewe."

Wakaondoka wote: mkunga, fundi bomba, walimu, shemeji na mkokoteni wake, mdogo mtu ametangulia. Chapuchapu aliweka simu chini, akawafuata. Yule mwanamke alijifungulia darajani mikononi mwa mkunga, huku mdogo wake Chapuchapu akimshika mgongo na kumwambia asukume. Mama na mtoto walipona. Zahanati iliwapokea, ikawahudumia, na mahali pa kuzaliwa kwa mtoto karani akatafuta, akakosa, akaacha wazi.

Walirudi ofisini na matope miguuni, wengi kuliko walivyoondoka, maana majirani wa mzazi nao walikuja. Hapakuwa na pa kukaa. Mkurugenzi alisimama mlangoni akawatazama, akaona kweli watu wanateseka kwa kusimama, akaagiza yaletwe mabenchi zaidi. Ombi la bondeni lilikuwa bado linangoja kikao. La mabenchi lilipita siku hiyo hiyo.