Kitako cha Mama Kanyere

Phinées alikuwa ameinamia ubao wa libuyu, mti mgumu wa msituni, randa mkononi, akiimba nusunusu wimbo wa kwaya, polisi alipoegesha pikipiki mbele ya karakana na kuuliza kama yeye ndiye yule fundi wa chuma cha moto.

"Chuma gani?"

"Ile unaandikaka nayo jina."

Phinées akatabasamu, maana alikipenda kile chuma kuliko vifaa vyake vyote. Kila kitu kilichotoka kwake pale Beni, kiwe kitanda, kabati au jeneza, kilichomwa alama: PHINÉES BENI. Mkewe aliwahi kumwuliza nani atakayesoma ile ya jeneza huko chini. Alimjibu kwamba fundi asiyeweka jina anaogopa mteja atarudi.

"Chef Malachie anakuita ku bureau ya bunduki," polisi akasema. "Sasa hivi."

Tabasamu likapungua, lakini halikuisha. Maishani mwake Phinées alikuwa ameshika bunduki moja tu, tena ya mama mwenye heshima zake.

Mama huyo alikuwa Kanyere, mjane aliyeishi Mutwanga, ambaye shamba lake la mahindi lilipakana na mbuga. Nyani walikuwa wakishuka asubuhi kama wafanyakazi wanaowahi zamu. Marehemu mumewe, Kahongya, alikuwa mwindaji mrefu, mwenye mikono mirefu, na kitako cha bunduki yake kilichongwa kwa kipimo chake. Alipofariki, kibali kilihamishiwa kwa mjane kihalali kabisa. Bunduki yenyewe ikabaki na urefu wa marehemu. Kanyere ni mfupi, na kila alipopiga, kitako kilimteleza begani kikamwachia kidonda kifuani. Wala hakuwa anamlenga nyani yeyote. Alipiga hewani ili wakimbie, na askari wa kituo cha jirani walikwishazoea. Wakisikia mlio walisema mama wa nyani ameamka, wakaendelea na chai yao.

Kwa hiyo alikuwa amemletea Phinées kile kitako. Phinées akakikata upana wa kiganja, akakilainisha, akakipaka vernis ya kung'arisha kutoka Butembo, ile ambayo siku hizi bei yake inapanda kila lori linapoingia. Mwisho, kwa mazoea tu, akachoma jina lake.

Ofisini alimkuta Kanyere kwenye benchi, amevaa kikwembe cha kanisani. Alikuwa ameleta bunduki mwenyewe kwa kontroli, ule ukaguzi wa kila mwaka, ikiwa inang'aa, akitarajia kusifiwa. Sasa ililala mezani, na Malachie, mkuu wa ofisi, alikuwa ameshika mita ya fundi cherehani.

"Ni weye Phinées?"

"Njo mimi, chef."

"Soma hapa."

Phinées akasoma jina lake mwenyewe, na hata hapo aliona kwamba herufi zilikaa vizuri.

"Donc unakubali. Weye ni fabricant d'armes, unatengenezaka bunduki."

"Hapana, chef. Niko menuisier. Nilikata mbao, chuma sikugusa."

"Mbele ya sheria, arme ni yote, mbao na chuma." Malachie akaitandaza mita juu ya bunduki. "Kibali inasema urefu ingine. Hii ni modification bila autorisation, kubadilisha bila ruhusa. Mama, bunduki inabakia hapa. Na weye fundi, nitakutuma ku parquet, bakushitaki."

Kanyere akainuka taratibu. "Chef, mahindi iko karibu kukomaa. Nikirudia mikono bule, banyani batamaliza yote mbele dimanche ya kanisa ifike. Bajukuu yangu batakula nini?"

"Ungeomba autorisation, mama."

"Banaombaka wapi?"

"Kinshasa."

Kinshasa ni mbali hata kwa wenye pesa ya ndege, na huko hakuna mtu aliyejua urefu wa mikono ya Kanyere. Phinées alimtazama yule mama akishika ukingo wa meza. Yeye ndiye aliyemletea balaa, kwa kujisifu kwa chuma chake.

"Chef," akasema, "shida ni urefu?"

"Ni urefu."

"Nikirudisha urefu?"

Malachie alionekana kama mtu aliyetarajia mazungumzo yaelekee kwenye mfuko wa mtu, yakaenda kwingine. Lakini polisi alikuwa anasikiliza, na akina mama wawili walikuwa wamesimama mlangoni. "Urefu ikirudia," akasema hatimaye, "infraction haiko, kosa inaisha."

Phinées akaenda karakana akarudi na kipande cha libuyu. Akakifunga kwa vis mbili, skrubu za kawaida, nyuma ya kitako, pale pale mezani. Ilimuuma. Hakuwahi kuharibu kazi yake nzuri mwenyewe. Malachie akapima, akapima tena, akakunja mita.

"Voilà. Sasa iko halali."

Kanyere akaiinua begani. Kitako kikampita, kikatokea chini ya kwapa, na kidole kikafika kwa shida pa kufyatulia, kama zamani. Akaishusha, akaitazama, akacheka kidogo.

"Kumbe bunduki ya halali ni ile haiwezi kunisaidia."

"Sheria haijue mikono yako, mama," Malachie akasema, na hakusema kwa ubaya. Akaweka mhuri kwenye kibali.

Phinées alipogeuka kutoka, Malachie akamvuta pembeni, karibu na kabati. Akatoa bastola yake, akafungua kiganja kumwonyesha mpini.

"Hii plastiki inaniteleza, ndugu yangu. Unichongee ingine ya libuyu, na vernis ile ya mama. Kweli ile kazi ni muzuri."

Phinées alitaka kusema ndiyo. Mdomo ulishafunguka. Mkubwa wa ofisi ni mteja wa maana, na adui wa maana zaidi.

"Autorisation inatokaka Kinshasa, chef."

Malachie akacheka, kisha akaacha. "Uko nacheza na mimi?"

"Hapana, chef. Ningali naogopa parquet."

Akatoka, moyoni amefurahi kama aliyemaliza kabati kubwa bila kosa hata moja. Nje, Kanyere alikuwa anapatana na dereva wa pikipiki, bunduki ameifunga kwa kikwembe cha pili.

"Wasingya, mutoto yangu," akamshukuru kwa lugha ya kwao. "Ulijaribu."

Phinées akatia mkono mfukoni, akamkabidhi tournevis, bisbisi yake ndogo.

"Vis ni mbili tu, mama. Kole ya kugandisha sikutia."

Kanyere akaitazama, akamtazama yeye, akaanza kucheka mpaka mabega yakatikisika na dereva akauliza kuna nini.

"Na kontroli ya mwaka yenye inakuja?" Kanyere akauliza.

"Utafunga tena kipande mbele ya kupanda pikipiki kuja huku."

Kanyere akaificha tournevis kiunoni, akapanda, akailaza bunduki mapajani. Hivyo ikaondoka Beni na urefu wake wote, halali kabisa, na ingebaki halali mpaka barrière ya mwisho ya askari barabarani.