Dorika Alivyokatalia Ufunguo

Dorika alifika kwenye mkutano wa wafuga nyuki wa Rungwa na ufunguo wa pikapu mfukoni, akijua wazi kwamba ameitwa ili anyang'anywe. Wanakikundi walikuwa wamekaa mbele ya ghala la asali. Mwenyekiti, mzee Alute, hakumkaribisha kiti.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Weka ufunguo mezani."

"Kwanza niambiwe kosa langu."

Kosa lilijulikana kijiji kizima. Wakipeleka asali Mkiwa, pikapu ilipiga kishimo karibu na Itigi, ikaruka kulia kama imevutwa kamba, ikakosa mkokoteni wa punda kwa kiganja tu. Ndoo zilipasuka. Editha, aliyepanda nyuma kulinda mzigo, aliteguka mkono.

"Mikono yako haina nguvu," Alute alisema. "Gari likiwa chini uliliweza. Sasa limeinuliwa, limekushinda. Fredrick atalichukua leo."

Fredrick, dereva mpya waliyemtafuta, aliangalia viatu vyake.

Gari lile Dorika alikuwa ameliendesha tangu kikundi kilinunue; masika alilipitisha kwenye matope likiburuza tumbo. Alute ndiye aliyetaka liinuliwe ili libebe mzigo zaidi. Tangu litoke gereji, Dorika alikuwa akisema: usukani haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami gari linatangatanga. Alipima upepo wa tairi, akahamisha za mbele nyuma, akaliendesha tupu, akaliendesha limejaa. Ugonjwa ulibaki ule ule. Jibu alilopewa ni kwamba ashike usukani vizuri.

"Ufunguo sitoi," alisema. "Mkitaka kunifukuza, nifukuzeni mkishaona kwa macho yenu. Siyo kabla."

Enock, fundi aliyeitwa kutoka Mkiwa kuja kulisemea gari, alicheka. "Dada, gari nimelifunga mwenyewe. Kila nati imekazwa."

"Sijasema nati zimelegea. Njoo usimame hapa."

Aliwaongoza wote hadi kwenye pikapu. Akanyoosha magurudumu, akaacha loki ya usukani wazi, injini imezimwa, akashuka. Ndani hapakubaki mtu. Akamwambia Fredrick na wanaume wawili wenye miili mikubwa wapande kwenye bampa ya mbele.

"Haya, lichezesheni."

Waliruka. Pua ya gari ikashuka, ikapanda, na usukani ukazunguka wenyewe: kushoto, kulia, kushoto tena. Wanawake waliokuwa nyuma wakasogea ili waone.

"Nani anaendesha hapo?" Dorika aliuliza. "Hiyo ni mikono ya nani?"

Alitandika gunia, akalala chini ya gari, akamwita Enock alale naye.

"Hii fimbo inayotoka kwenye boksi ya usukani, zamani ilikaa sambamba na ekseli. Sasa imeshuka kama paa la nyumba. Gari likidunda, fimbo inasukuma magurudumu. Na hivi vishikio virefu vya springi ulivyofunga mbele vimeigeuza ekseli, imelala; magurudumu hayajinyooshi tena. Usukani utarudi vipi?"

Enock alipitisha kiganja kwenye fimbo, kisha kwenye ekseli. "Ni kweli, imelala," akasema. "Niliambiwa niinue. Nikainua."

Alute alikohoa. "Tukilishusha, mzigo utapungua."

"Utapungua."

"Na mteja wa Singida?"

"Atasubiri. Nitakwenda mara mbili."

"Mwenyekiti hapa ni mimi, Dorika!"

"Na niliyerushwa ni mimi," alisema Editha. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Alichukua ndoo yake ya asali iliyongoja kupakiwa, kwa mkono mzima, na kuirudisha ghalani. "Hii haipandi gari hilo mpaka lishushwe."

Mwenzake akanyanyua ya kwake. Kisha mwingine. Alute aliwatazama wakipita, mdomo wazi, halafu akamwashiria Enock atafute vishikio vya zamani vilivyowekwa ghalani.

Mchana, kazi ya mbele ilipokwisha, Dorika alifungua mlango wa abiria. "Mwenyekiti, panda."

Kwenye kipande kilichonyooka, penye mashimo, aliinua viganja vyote kutoka kwenye usukani. Alute alishika dashibodi, akataja jina la Mungu. Gari lilidunda, likadunda tena, likaendelea mbele. Kwenye kona usukani ulirudi wenyewe.

"Nyuma bado linayumba," Dorika alisema. "Nako kushushwe kesho."

"Umeshashinda. Unataka nini tena?"

"Sikuwa nashindana, mzee. Nataka nyuma kushushwe. Na tukifika, umwambie Editha mbele ya watu kwamba hakuumizwa na mikono yangu."

Alute alitazama msitu ukipita dirishani. Dorika akasimamisha gari katikati ya barabara.

"Nitamwambia," alisema Alute.

Dorika hakumshukuru. Aliingiza gia, akageuza kurudi kijijini.