Wajukuu wa Mbegu ya Mgeni

Mwaka wa kwanza Mfeddal alivimba kichwa. Mbegu chotara aliyonunua kwa Mhispania mmoja ilimpa bangi ndefu zilizolingana kama meno ya kitana, na kijiji kizima kikachoka kusikia habari zake. Alipofika shambani kwa shemeji yake Yamna, mjane aliyekuwa amechagua mbegu za kienyeji kwa miaka thelathini katika milima ile ya Rif, alicheka mbele ya vibarua.

"Hizi bangi au lishe ya mbuzi, shemeji?"

Yamna aliendelea kung'oa mimea madume. "Zako umeziacha zizae mbegu?"

"Nitapata gunia zima. Mwakani sinunui tena."

"Haya, panda."

Akang'oa dume jingine. Angeweza kumwonya, lakini kicheko kile kilikuwa kimemuudhi.

Mfeddal akapanda mteremko mzima. Julai iliyofuata Yamna alikwenda kutazama. Mche mmoja ulimfika begani, ulio kando yake gotini. Huu shina la zambarau, ule la kijani. Mingine ilishachanua, mingine hata haijajulikana kama ni dume au jike, na karibu yote ilikuwa imesinyaa kwa kiu.

"Siku ya soko hii," alisema Yamna. "Kila mmoja kaja na nguo zake."

"Yule Mhispania kanitapeli."

"Alikuuzia watoto, wewe umepanda wajukuu. Baba mrefu, mama mfupi, watoto wakatoka warefu wote. Ufupi wa mama ulijificha ndani yao, haukufa. Umewaacha wazae wenyewe kwa wenyewe, sasa ufupi umetoka nje."

"Hayo umesomea wapi?"

"Wewe na mkeo macho meusi. Binti yenu Louiza ana ya buluu, kama ya mama yako. Miaka kumi na tisa unakula naye meza moja, hujajiuliza?"

Mfeddal akainama kung'oa mche uliosinyaa.

Machi iliyofuata alibisha mlangoni kwa Yamna kuomba mbegu. Yamna alimpimia bakuli moja, akampa akiwa amesimama kizingitini, bila kumkaribisha chai. Katika kijiji kile hata mkusanya madeni hunyweshwa chai.

Bangi za Mfeddal zikatoka fupi, ngumu, zikavumilia kiangazi. Mkahawani akawa anawaeleza watu jinsi alivyoichagua mbegu ile mwenyewe, kwa jicho la kitaalamu.

Yamna alipohadithiwa, alitema ganda la lozi.

"Mwacheni," alisema. "Huyo mbegu yake ni moja, haibadiliki."