Klorini Kidogo Tu

Mama yangu ni mtu wa usafi kupita kiasi. Ukiacha kikombe kichafu mezani, umejitafutia kesi. Chumba chetu cha kutengenezea jibini alikiosha mwenyewe kwa klorini miaka nenda miaka rudi, macho yakimwasha, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Kisha wifi yangu, mke wa kaka, akala jibini letu akiwa mjamzito. Homa, hospitali, mimba ikatoka. Wakaguzi walikwangua mfereji wa sakafuni wakakuta vijidudu vilevile vilivyokuwa kwenye damu yake. Chumba kikafungwa.

Tukaletewa mtaalamu, bwana mmoja mpole mwenye mafua yasiyokwisha. Alipitisha kidole ndani ya mfereji, akatuonyesha: kulikuwa na utando unaoteleza kama mrenda. Vijidudu vibaya hujijengea utando huo na kujificha chini yake. Tukasugua mpaka viganja vikachubuka, kisha akaumwagia mfereji bakteria wazuri, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa. Hao wakishika nafasi, wabaya wanakosa pa kukaa na cha kula.

"Sharti ni moja," alisema, akipenga kamasi. "Klorini isiguse hapa. Mtawaua askari wenu wenyewe."

Mama akasonya. "Kumwaga wadudu kwenye mfereji wangu! Haya, wasomi."

Kipimo cha kwanza kilitutia moyo. Wabaya walikuwa wamepungua sana. Kilibaki kimoja, kikitoka safi tufungue. Kikatoka kibaya kuliko mwanzo. Mtaalamu aliinama mferejini, na pamoja na mafua yake yote, harufu ya klorini aliisikia.

Nilirudi nyumbani nikichemka. Mama alikuwa jikoni na wifi, wanachambua maharage.

"Mama, umemwaga klorini?"

"Kidogo tu. Wakaguzi wanakuja, wakute mfereji unanuka uchachu? Si wataniona mchafu?"

Nikampasukia. Nilimwambia chumba ndiyo basi tena. Nilimwambia klorini yake inaua walio juu tu, walio chini ya utando inawaacha wazima na kuwafagilia nafasi. Niliyasema yote kwa pumzi moja, na sikumwonea huruma hata chembe.

Mama aliacha kuchambua, maharage yamemjaa kiganjani. Kisha akauliza polepole, bila kumtazama yeyote:

"Kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa naosha juu tu?"

Nilitaka kusema hapana. Nilimtazama wifi, ambaye tangu mimba itoke hakuwahi kulitaja jambo lile mbele yetu, wala kumlaumu mtu. Aliweka ungo chini.

"Ndiyo, mama," alisema. "Juu tu."

Kisha akaurudisha ungo mapajani, akaendelea kuchambua.