Bosi Quartey Aulizwa Mara Tatu

Jumamosi ile Esinam aliingia ofisini Osu na gauni la lesi nyeupe na shanga shingoni. Saa nane kule Tema mdogo wake Dzifa alikuwa anaposwa, na Esinam ndiye wa kumuuliza mara tatu mbele ya ukumbi kama vinywaji vya wakwe vipokelewe.

Lakini tovuti ya tiketi za basi la Kumasi ilikuwa inauza kiti kimoja kwa watu wawili, na simu ya ofisi ilikuwa ikitukanwa tangu asubuhi. Dawa yake mstari mmoja tu wa programu. Balaa, kwenye mashine yake Esinam alikuwa ameufumua nusu ukurasa wa malipo, na akituma dawa, fujo yote inaondoka nayo.

"Kuna kiongezeo cha kuweka kazi kando," alisema. "Kimekuja na programu yetu ya kutunzia kazi, kimelala tu. Nakiwasha, natia malipo kabatini, natengeneza viti, halafu nayatoa yakiwa vilevile."

"Kingekuwa cha maana, waliokitengeneza wasingekizima," bosi Quartey akamkata. "Mmesahau cha Fiifi?"

Nani asahau! Fiifi aliwasha cha kufagia mafaili yasiyosajiliwa, kikafagia na picha za mchumba alizozificha humo.

"Bosi, mchumba mwenyewe alishaniacha," Fiifi akajitetea. Watu wakaangua kicheko.

"Nakili folda nzima, kama wenzako," bosi akamwambia Esinam.

"Mashine imejaa, bosi. Nina 'Mwisho', nina 'Mwisho Kabisa', nina 'Mwisho Naapa'."

"Njooni muone mtu anavyofanya kazi bila madoido!" Bosi akageuza skrini yake. Kazi yake nayo ilikuwa nusunusu: mistari iliyoongezwa kijani, iliyofutwa nyekundu.

Fiifi akainama. "Bosi, mbona yako ina rangi? Yetu sote nyeusi tupu."

"Hiyo... ni ya macho yangu."

"Hicho ni kiongezeo, mzee! Umekiwasha!"

Ofisi nzima ikalipuka kwa kicheko. Esinam akapanda kiti, akatoa sauti ya ukumbini: "Bwana Quartey! Wageni wameleta kiongezeo. Tukipokee?"

Bosi akageuzia skrini yake ukutani.

"Nauliza mara ya pili. Tukipokee?"

"Wewe mtoto, utachelewa."

"Mara ya tatu, na mashahidi wanasikia!"

"Haya, pokeeni! Mniue!"

Vigelegele vikapigwa, na wauza vitambaa wa ghorofa ya chini wakavidaka bila kujua vya nini. Esinam akaandika mstari mmoja kwenye mipangilio. Malipo yakaingia kabatini. Akatengeneza viti, akatuma. Kisha akaita malipo yake. Wiki mbili za jasho hizo. Yakarudi yote, mpaka koma. Bosi, aliyekuwa akichungulia begani kwake, akauliza polepole, "Na mimi nakiwashaje?"

Tema Esinam alifika kwa gari la bosi, wageni wakiimba mlangoni. Alipomuuliza Dzifa mara ya tatu, kabla bibi harusi hajafungua kinywa, sauti ya bosi Quartey ikatoka nyuma, karibu na sufuria la wali wa jolofu:

"Pokea, mwanangu! Kinafanya kazi!"