Namba ya Gidion

Gidion Machibya aliambiwa jambo moja tu, tena akaambiwa mara tatu: usiku wa kuamkia kesi, asilale mahali anapojulikana. Wakili wa serikali, dada mmoja mkali aitwaye Suzana, alimtafutia chumba kwenye gesti ya Mkolani, pembezoni mwa Mwanza, akakilipia, akamwandikisha kwa jina la Jairo. Gidion akafika, akasukuma mlango, akaona neti yenye matundu na ndoo ya kuogea. Alikaa kitandani dakika kumi. Kisha akabeba begi lake, akaita bajaji, akaenda mjini kwenye hoteli yake ya siku zote, ile ndefu inayotazama ziwa.

Tusimlaumu haraka. Kwa miaka tisa alizunguka Bukoba, Musoma na Mwanza akiuza na kutengeneza injini za boti, na kampuni yake ilimlaza pale. Hoteli ikampa uanachama, na kila alipolala akapata pointi. Wenzake wana ng'ombe. Gidion alikuwa na pointi. Mwezi huo alibakiza usiku mmoja tu apande daraja la dhahabu. Hata hivyo hakwenda kwa ajili hiyo, alijiapia. Alikwenda kwa sababu aliogopa, na mtu mwenye hofu hutaka mlango mzito na shuka alizozizoea.

Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Miezi saba nyuma, mwaloni, pale boti zinapopakia, aliinama kwenye injini ya boti ya tajiri Shimba, akamwambia waziwazi: pampu ya kutoa maji imekufa, ubao wa chini umeachia, boti hii isiende. Shimba akacheka, akamwamuru nahodha apakie abiria. Watu kumi na mmoja hawakurudi, nahodha akiwa mmoja wao. Ukimtoa Shimba mwenyewe, aliyebaki hai kati ya walioyasikia maneno yale ni Gidion peke yake, na kesho saa tatu asubuhi alitakiwa kuyarudia mahakamani, Shimba akiwa mshtakiwa. Wiki nzima simu yake ilipigwa na namba ngeni, akipokea anasikia mtu anapumua tu.

"Naitwa Jairo," alimwambia binti wa mapokezi. "Nataka chumba kimoja, cha nyuma, kisichotazama ziwa. Kitambulisho kiko kwenye gari, nitakileta."

"Karibu sana. Una namba ya uanachama?"

Hapo ndipo alipojipalia makaa. Kinywa kilitangulia akili. Tarakimu kumi zikamtoka bila kukwama hata moja, kama mtu anayeitikia sala.

Binti yule, ambaye kibao cha kifuani kilisema anaitwa Queen, akabonyeza, akatabasamu meno yote nje. "Jamani, Ndugu Gidion! Mbona unatuficha? Tena leo umepanda dhahabu! Mfumo wenyewe umekupa chumba chako unachokipenda, mia nne na saba, upande wa ziwa."

"Futa," Gidion alinong'ona. "Dada, nakuomba, futa hiyo."

"Nifute dhahabu?" Queen akacheka, akadhani ni utani.

Runinga kubwa ya ukumbini ikabadilika palepale. KARIBU TENA NYUMBANI, NDUGU GIDION MACHIBYA, MWANACHAMA WETU WA DHAHABU. Na maua pembeni, kama harusi. Kwenye viti vya kahawa mwanaume mwenye shati la kijani aliinua uso, akasoma, akamtazama Gidion, akaielekeza simu yake kwenye runinga na kupiga picha. Gidion hakuthubutu kurudi barabarani; alinyakua ufunguo, akakimbilia lifti.

Chumbani alifunga kila kilichofungika, akasogeza meza mlangoni, akampigia Suzana. Hakutukanwa, na hilo lilimtisha zaidi.

"Usimfungulie mtu yeyote," Suzana alisema taratibu. "Niko Misungwi. Nakuja na askari. Nipe saa moja na nusu."

Hakuwa ameiweka simu chini vizuri, ile ya mezani ikalia. Akaipokea kwa mazoea. Mazoea tena!

"Kaka Gidion," ilisema sauti ya upole ya mwanaume. "Chumba kizuri? Basi pumzika. Na kesho pia pumzika, usijisumbue kwenda popote."

Simu ikakatwa. Gidion akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akasikiliza lifti ikipanda na kushuka. Kila ilipofunguka kwenye ghorofa yake alibana pumzi.

Saa kumi na moja kamili mlango ukagongwa.

"Huduma ya chumba."

Alichungulia kwenye kitundu. Nje alisimama mama wa makamo, sare ya hoteli, sinia mkononi.

"Sijaagiza kitu."

"Supu ya sangara, ndimu mbili, bila pilipili. Mfumo umeandika wewe ukifika uletewe saa kumi na moja."

Kweli, ni yeye aliyeandikisha hivyo miaka mitatu nyuma, na alijiona mkubwa. Sasa alielewa kwamba mtu yeyote akitaka kumpata anajua chumba chake, saa yake na supu yake.

"Shikamoo mama," alisema, maana hata hofu haiondoi adabu. "Iache hapo chini."

"Marahaba. Siiachi." Mama akasogeza mdomo karibu na mlango. "Naitwa Paskazia. Mimi ni mama yake Malimi."

Gidion alilijua jina hilo. Wa nne kwenye orodha ya marehemu: Malimi, miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, alikuwa anakwenda kisiwani kuripoti kazini.

"Kuna wanaume wawili chini wanakuulizia," Paskazia aliendelea. "Nimemwomba Queen, kawaambia uko kwenye bwawa la kuogelea. Wakikukosa watapanda. Fungua, baba, nikupitishe nyuma."

Mkono wa Gidion ulifika kwenye kitasa ukagoma. Jina la marehemu hata Shimba analijua.

"Mama, nitajuaje hujatumwa?"

Paskazia akahamishia sinia mkono wa pili.

"Hutajua. Na mimi sijui kama kesho utasema. Nimeona jina lako kwenye ile runinga, nikajiuliza, shahidi anayekuja kulala huku, si ameshanunuliwa? Basi tumelingana. Fungua."

Gidion akasogeza meza, akafungua.

Walishuka kwa ngazi za dharura, wakapita chumba cha kufulia katikati ya marundo ya shuka zile alizozipenda, wakatokea geti la mizigo. Bodaboda mbili zikawapeleka Mkolani. Aliipita gesti aliyoikimbia mchana. Nyumba ya Paskazia ilikuwa ya tatu kutoka pale. Alimpigia Suzana akamweleza alipo, naye akamwambia atulie hapohapo, atamfuata asubuhi. Mama akamwonyesha chumba chenye kitanda kilichotandikwa na shati jeupe lililopigwa pasi, likining'inia ukutani.

"Hakijalaliwa tangu aondoke," alisema, akavuta mlango.

Usingizi haukuja. Kila mbwa alipobweka, Gidion aliinuka. Simu ikaangaza: Hongera, mwanachama wetu wa dhahabu! Akaizima kabisa.

Asubuhi alisimama kwenye kizimba cha mashahidi, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili. Shimba alikaa mbele yake kwa suti. Nyuma kabisa alikaa yule mwenye shati la kijani. Gidion aliogopa mwanzo hadi mwisho, lakini alisema: pampu, ubao, na kicheko.

Wakili wa utetezi akainuka na picha mkononi.

"Shahidi, hii ni hoteli ya kifahari, jana, na hili ni jina lako. Mwanachama wa dhahabu! Unawaonea uchungu sana hawa marehemu, naona. Hebu iambie mahakama, usiku wa jana ulilala wapi?"

Gidion akisema, shati la kijani litaijua nyumba. Alimtafuta Paskazia kwenye mabenchi, akamwona na sare yake ya kazi. Mama akaitikia kwa kichwa.

"Mkolani," Gidion alisema. "Kwenye kitanda cha Malimi. Wa nne kwenye orodha."

Wakili akaishusha picha yake, akasema hana swali lingine.